Habari Iliyopita Siku Thelathini

Tukuyu, 10 Novemba 2024

Mdogo wangu Irene,

Nakuandikia barua pepe kwa kompyuta ya shule maana nikikupigia simu nitalia, na nikilia mimi hapa nyumbani nani atawagawia watu chai. Baba tumemzika jana Jumamosi, saa tisa alasiri. Mvua ilitustahi mpaka tukamaliza, ikaanza watu wakiwa wananawa mikono. Baba yako ndiye aliyesimamia kila kitu. Namwita Baba mdogo, lakini jana alikuwa mkubwa kweli, Mungu ampe nguvu.

Sasa sikiliza vizuri. Kikao cha ukoo kimekaa jana jioni na uamuzi ni huu: Gwakisa asiambiwe kwanza. Unajua kwamba tarehe 2 Desemba anarudia mtihani wa leseni ya unesi, ule aliofeli mwezi wa saba. Akisikia leo atafeli tena. Na kuja kuzika asingeweza, makaratasi yake hayajatoka, akitoka huko harudi. Kwa hiyo atalia peke yake kwenye kile chumba chake cha Fridley, kwa faida ya nani? Akimaliza mtihani nitamwambia mimi mwenyewe. Yeye ndiye aliyenifuata kuzaliwa na mimi ndiye niliyembeba mgongoni, hilo halina mjadala.

Watu wa kwetu huko Minnesota najua wameshapata habari. Wafungulie group nyingine ya msiba ambayo yeye hayumo, na uwaonye. Mimi nitaendelea kumwandikia kama kawaida. Kwenye simu sauti itanisaliti, nitamwambia simu imeingia maji.

Wewe uko karibu naye. Mpikie, mwangalie, nyamaza. Nakuomba, na baba yako amesema nikuambie ni amri.

Dada yako,
Bupe


Tukuyu, 13 Novemba 2024

Mdogo wangu Gwakisa,

Salamu nyingi. Simu yangu imeingia maji, nimeiweka kwenye mchele siku mbili na bado ni jiwe, basi vumilia barua mpaka nipate nyingine. Na hivi barua ina heshima yake, unakaa unamfikiria mtu.

Sisi wazima. Mvua zimeanza, mgomba wa nyuma ya jiko umeanguka. Baba anakusalimu. Simu hataki kabisa siku hizi, anasema sikio la kulia linavuma, kwa hiyo usihangaike kumpigia. Anasema baridi ya huko uvae soksi mbili mbili, na usome. Usiwaze mambo ya hapa hata kidogo. Soma, Gwakisa. Mambo mengine yote yatakukuta yalipo.

Dada yako,
Bupe


Fridley, 24 Novemba 2024

Dada Bupe, ndaga fijo kwa barua.

Mwambie Baba soksi navaa mbili, na siku nyingine tatu. Huku saa kumi na nusu jua limeshazama, unatoka darasani unakuta giza kama umelala humo humo. Nasoma. Safari hii sitawaaibisha.

Nikupe kisa cha kazini. Nilikwambia nahudumia mzee mmoja kule Highland Park, Saint Paul, anaitwa Mzee Lerner, Myahudi, zamani alikuwa na duka la mazulia. Mbishi huyo, usiseme. Nikimpa dawa saa mbili anasema dawa ya saa mbili huliwa saa mbili na nusu. Basi Alhamisi nimemkuta na barua mkononi. Mpwa wake wa Montevideo amemwandikia kwamba kaka yake mzee alifariki mwezi wa tisa. Miezi miwili. Hawakumwambia kwa sababu ya moyo wake, walisema ashtuke kwa nini na hawezi kusafiri.

Nikasema leo kazi ipo. Nikaandaa dawa ya presha, nikaisogeza simu ya daktari. Yeye akavua viatu, akashuka kwenye kiti akakaa kwenye kistuli cha kuwekea miguu, akaniambia, "Utanihesabia saa moja." Nikakaa naye. Saa ilipotimia akanyanyuka, akavaa viatu, akaniuliza supu iko wapi.

Nikamuuliza, Mzee, basi? Akasema basi, ndiyo sheria. Kwao aliyefiwa hukaa chini siku saba, haendi kazini, havai viatu vya ngozi, na watu ndio wanaomjia. Lakini habari zina umri. Ikikufikia ndani ya siku thelathini tangu mazishi, hiyo ni habari ya karibu, unakaa siku zako saba zote kama vile amekufa leo. Ikikufikia baada ya siku thelathini ni habari ya mbali, unakaa saa moja tu, imetosha. Wazee wao walilipima hilo tangu kale, kama mtu anayepima kitambaa.

Nimelifikiria siku tatu hizi. Saa moja halafu supu. Wewe unaonaje?

Siku ya Thanksgiving nitakuwa kwa Irene, Lakeville. Msalimie Baba sana, mwambie nikipata leseni kitu cha kwanza ni yale meno yake ya bandia.

Mdogo wako,
Gwakisa


Lakeville, 29 Novemba 2024

Dada Bupe,

Mimi siwezi tena. Jana alikuja, kabeba soda na keki, kakaa pale pale karibu na picha ya Baba mkubwa ambayo nilikuwa nimesahau kuitoa ukutani. Akaniambia eti kwenye ile picha Baba kakonda, dada Bupe anampa chakula kweli? Watoto wangu wamenyamaza mezani kama wameshonwa midomo, maana niliwaonya kwa Kiswahili na Kiingereza. Mume wangu Eugene akajifanya anatafuta chumvi, na chumvi iko mbele yake. Mimi nikakimbilia kwenye chumba cha kufulia nikawasha mashine haina hata nguo, ili nilie.

Baba yangu amesema ni amri, sawa, nimetii. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi tunaficha kifo chenyewe. Juzi Fridley kanisani mama mmoja alimshika mkono akamwambia "pole baba," ikabidi nidakie, "pole na mtihani." Nime-sweat kwenye baridi ya degree kumi.

Jumatatu anafanya mtihani. Jumatatu hiyo hiyo jioni mwambie, Dada. Mimi nitakuwa nimepaki nje ya nyumba yake, nitaingia baada yako. Nimeshawaambia watu wa kwetu wa huku, akina Abdulkarim na Maureen, wajiandae, watu watakuja na chakula, tutakaa naye. Off nimeshaomba.

Irene


Tukuyu, 30 Novemba 2024

Mdogo wangu Gwakisa,

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja. Kile kisa cha Mzee Lerner kimenikaa. Nilikuwa nawafundisha Kidato cha Pili, nikajikuta nimesimama na chaki nawaza habari ya karibu na habari ya mbali.

Hebu niulizie, maana wewe unajua nilivyo, kitu nikikianza nakimaliza. Hiyo siku ya thelathini yenyewe iko upande gani? Ya karibu au ya mbali? Na siku kwao inaisha saa ngapi, usiku wa manane kama kwenye kalenda au vipi? Na yule mzee alivyokunywa ile supu, aliinywa kweli? Alikuwa na amani?

Usipoteze muda wa kusoma kwa maswali yangu. Ukishafanya mtihani ndipo unijibu. Baba anakuombea, sisi sote tunakuombea.

Dada yako,
Bupe


Fridley, 3 Desemba 2024

Dada,

Nimemaliza. Mashine ilijizima kwenye swali la themanini na tano, na wenzangu wanasema hiyo ni dalili nzuri. Majibu kamili wiki hii. Nimelala saa kumi na moja mfululizo. Mwambie Baba, hata kama sikio linavuma mpigie kelele.

Maswali yako nimemfikishia Mzee, akafurahi kweli, akasema sasa huyo dada yako ni mtu wa kuzungumza naye, wewe unaniletea vidonge tu. Majibu ni haya. Siku ya thelathini yenyewe bado ni karibu. Ukisikia siku hiyo, hata mwishoni mwishoni, unakaa saba. Na siku kwao haiishi usiku wa manane, inaisha jua likizama. Nikamwambia Mzee, hata sisi saa tunaihesabu kwa jua, likichomoza tunaanza moja, likizama tunaanza moja nyingine. Akashangaa. Akasema basi mmetufuata au sisi tumewafuata. Kwa hiyo siku ya thelathini jua likishazama, dakika moja tu mbele, ni habari ya mbali.

Supu aliinywa, bakuli mbili.

Wikiendi hii naingia ghalani Shakopee, msimu wa sikukuu wanataka watu na wanalipa vizuri. Shifti ya mchana Jumamosi na Jumapili. Halafu Jumatatu nataka tuongee kwa simu, azima hata ya jirani. Nimewamiss, na barua hainitoshi tena.

Mdogo wako,
Gwakisa


Lakeville, 4 Desemba 2024

Dada, mtihani umekwisha juzi. Nilikaa nje kwenye gari kwa saa mbili na hakuna kitu. Unasubiri nini?

Irene


Tukuyu, 5 Desemba 2024

Irene,

Usinipigie kelele, mimi bado ni mkubwa wako. Nasubiri Jumapili, jua likizama.

Gwakisa ameniandikia kuhusu mzee anayemhudumia na sheria zao. Ndani ya siku thelathini mtu anaanguka chini wiki nzima. Zikipita anakaa saa moja, ananyanyuka, anakula. Amemwona kwa macho yake, na yule ni mzee wa miaka themanini mwenye moyo mbovu. Wewe unafikiri Mungu alimletea Gwakisa kisa kile bure, wiki ile ile? Nimesubiri wiki tatu na nusu kwa ajili ya mtihani. Nitashindwaje kusubiri siku tatu zilizobaki ili maumivu yawe ya saa moja badala ya siku saba?

Najua sisi si Wayahudi. Lakini mwenyewe ameizoea habari hiyo sasa, imemkaa akilini, itampokea. Siwezi kumshika mkono kutoka huku, Irene. Nimekosa kitu kingine cha kumpa.

Jumapili jioni ya kwetu. Usimwambie kabla.

Bupe


Tukuyu, 8 Desemba 2024, saa moja jioni

Gwakisa mdogo wangu,

Kaa chini kwanza. Kama uko kwenye gari lisimamishe.

Baba alifariki. Ni mapafu, aliugua siku nane, akatutoka Alhamisi tarehe 7 Novemba alfajiri, nyumbani, kitandani kwake. Tumemzika Jumamosi tarehe 9 ubavuni mwa Mama. Watu walijaa. Kiwanda cha chai walileta lori la wafanyakazi wenzake wa zamani, wale mafundi mitambo wote, hata Mzee Mwakyusa anayetembelea magongo.

Ukoo uliamua usiambiwe kwa ajili ya mtihani. Mimi nilikubali, na salamu zote za Baba tangu wakati ule niliziandika mimi. Nisamehe kwa hilo. Lakini hizi siku za mwisho nimezingoja kwa kusudi, nataka ujue ni kwa upendo. Leo ni siku ya thelathini tangu mazishi. Jua lenyewe sikuliona kwa mawingu, lakini kuku wameshaingia na mwalimu mwenzangu mwenye saa ya swala amenihakikishia limezama. Sasa ni habari ya mbali, Gwakisa. Kaa saa moja. Lia vizuri, halafu nyanyuka, unywe kitu cha moto. Usijivunjevunje. Yaliyokuwa mazito tumekubebea sisi huku.

Irene yuko karibu, mpigie.

Dada yako anayekupenda,
Bupe


Fridley, 15 Desemba 2024

Dada Bupe,

Wiki nzima nimeandika na kufuta. Umenipigia mara kumi na saba, nimeziona zote. Simu kumbe ni nzima. Nitapokea, lakini kwanza nataka usome, maana kwenye simu utaniambia "pole mdogo wangu" na mimi nitasema "asante dada," na itakuwa imeishia hapo.

Barua yako iliingia saa nne asubuhi. Saa moja jioni ya Tukuyu ni saa nne asubuhi ya huku. Jua lilikuwa limeshapanda, theluji inang'aa mpaka macho yanauma. Kwa jua la kwenu siku ya thelathini ilikuwa imekwisha. Kwa jua la kwangu ilikuwa haijafika hata mchana. Ulinipigia hesabu zote ukasahau kwamba linaanza kuzama kwenu. Ulikuwa umeniwahi, Dada, bila kutaka.

Lakini ghalani Shakopee haturuhusiwi kuingia na simu. Inabaki kwenye loka. Nilipanga maboksi kutwa nzima, tena nilikuwa naimba, muulize Mugisha niliyekuwa naye kwenye laini. Nimetoka saa kumi na moja, giza, nimesoma nikiwa nimesimama pale parkingi gari linapasha moto. Habari ilikuwa ya karibu kutwa nzima, imekuwa ya mbali kwa nusu saa.

Nilikwenda kwa Mzee Lerner. Sijui kwa nini sikwenda kwa Irene, nadhani kwa sababu Irene alikuwa anajua. Nilimweleza yote mlangoni. Nilitegemea abishe, hakubisha. Akaniambia, "Sheria hii si yako, wewe hukuamriwa." Nikamwambia najua, lakini huku sina nyingine. Akauliza nilisoma saa ngapi, nikamwambia. Akasema kwa baba na mama nguo huchanwa hata habari iwe ya mbali kiasi gani, basi nikaichana ile fulana ya ghalani shingoni, yeye akaianzisha kwa mkasi maana ni ngumu. Halafu akaniambia kwao saa si kama za kwenye ukuta. Mchana ukifupika saa zake zinafupika, usiku ukirefuka saa zake zinarefuka. "Ni Desemba," akasema. "Chukua saa ya usiku, ndiyo ndefu kuliko zote tulizo nazo." Nikakaa kwenye kile kistuli.

Sikulia. Saa nzima nilikuwa nakukasirikia wewe. Ikaisha.

Sasa kuna kitu sikukuandikia, na hilo ni kosa langu. Nilikuambia Mzee alikunywa supu. Sikukuambia kilichofuata. Tangu siku ile kila asubuhi namkuta amekaa kitandani viatu viko mkononi, hajavaa, hajui avae au asivae. Anamwita kaka yake kwa jina la utotoni. Ananiambia, "Kwa sheria nimemaliza, lakini mimi sijamaliza, na sasa hakuna anayenijia." Niliona mambo ya wazee, sikutaka kukujazia barua. Ningekuandikia labda ungeniambia mapema. Ile sheria si kwamba maumivu yanapungua. Ni kwamba wakati wa watu kukaa na wewe umepita.

Na kweli umepita. Jumamosi Irene amekuja na watu, Abdulkarim, Maureen, wa kanisani Fridley, wamejaza chumba, wali, kuku, kila kitu. Wananikumbatia, "pole sana." Nawatazama machoni, wote wameshalia. Walilia Novemba. Wana group yao, wana picha za kaburi, mmoja akanionyesha ile aliyoipenda zaidi. Kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Mimi nimeingia wa mwisho kwenye kilio cha baba yangu. Saa tatu usiku walikuwa wanaongelea theluji na bei ya matairi, na siwalaumu.

Mpaka mtihani naelewa. Sipendi, ila naelewa, na nimefaulu kama utataka kumwambia Baba mdogo. Zile siku sita za mwisho ndizo siwezi kuzielewa, kwa sababu hizo si za ukoo, ni zako. Ningekaa siku saba, Dada. Irene alikuwa ameomba na likizo. Na soksi mbili nazivaa mpaka leo, nazivua nazitazama, sijui ni za nani.

Mzee ameniambia jambo la mwisho kuhusu sheria zao. Mwenye habari ya kifo halazimiki kumwambia mfiwa. Anaruhusiwa kunyamaza hata maisha yake yote. Kwa hiyo Mzee anakutetea, ujue hilo. Lakini mfiwa akiuliza mwenyewe, haruhusiwi kudanganywa. Mimi kosa langu ni kwamba sikuuliza hata mara moja. Nilikuwa natuma salamu tu.

Sasa nauliza. Siku zile nane, Baba alinitaja?

Gwakisa


Tukuyu, 19 Desemba 2024

Gwakisa,

Nimekaa na barua yako siku tatu. Baba mdogo alisema nikujibu kwamba Baba alikuwa hajitambui. Nimemwambia sitaandika hivyo.

Nilikosea. Sina maneno mengine ya kulizungushia. Nilidhani nakupunguzia, kumbe nilikuwa naogopa. Nilikuwa naogopa kukusikia ukilia nami sipo, kama ulivyokuwa ukilia mdogo nikiwa nimekuacha nimekwenda kisimani. Kila barua niliyokuandikia na salamu za Baba, nilikuwa namsikia akizisema. Nami sijamlilia. Wenzangu walipokuwa wanalia mimi nilikuwa nawaza barua ya kwako itasemaje, na walipomaliza nikakuta sina wa kulia naye. Hiyo nakuambia si ili unihurumie, ni ili ujue hatukuwa wawili tuliogawana, mmoja kupata na mmoja kukosa.

Umeuliza, nakujibu.

Alikutaja. Siku za kwanza alikuwa anakuulizia kwa kawaida tu, kama umeshakula, kama theluji imeanza. Jumatano jioni, ile ya mwisho, pumzi ilikuwa imepungua lakini akili ilikuwa yote. Alimtoa kila mtu chumbani akaniambia nimpigie Gwakisa, ana neno lake na wewe. Sikumuuliza neno gani. Nilishika simu, Gwakisa, nilikuwa nayo mkononi, nzima, ina chaji na ina pesa. Nikafikiri ukiisikia sauti yake ilivyokuwa utaacha mtihani, utaacha makaratasi, utapanda ndege. Nikairudisha mfukoni.

Akaniuliza kwenu ni saa ngapi. Nikamwambia sasa hivi ni mchana kwao, Gwakisa yuko kazini, nimemtumia ujumbe, atapiga kesho asubuhi. Sikuwa nimekutumia kitu. Akakubali kabisa, kama mtoto aliyeahidiwa. Akaomba nimvalishe lile shati lake la mistari, asilale na fulana, maana huenda utapiga kwa picha. Akasema, "Basi mniamshe mapema, nisimpotezee muda wake."

Nilimvalisha. Saa kumi na mbili nilienda kumwamsha.

Dada yako,
Bupe